Nguzo na Ardhi: Tafakuri kuhusu Michoro ya Chicano Park

Kosa ninalokusudia kuliungama katika makala haya nililitenda darasani. Tulikuwa katika semina ya wanafunzi wa uzamili kuhusu fasihi na jamii, na mada ya siku hiyo ilikuwa mlahaka baina ya fani na maudhui. Mwanafunzi mmoja alikuwa amekuja na picha chache za michoro iliyochorwa juu ya nguzo za daraja katika mji wa San Diego, kusini mwa jimbo la California, Marekani. Alitaka kujua iwapo zana tulizozitumia kuhakiki mashairi na tamthilia zingeweza kuhakiki kazi kama hizo. Nilizitazama picha zile kwa muda usiozidi dakika tano, nikatoa hukumu: kwamba hiyo ilikuwa sanaa ya mabango, ambamo maudhui yameimeza fani, na kwamba fahari ya utamaduni, hata iwe halali namna gani, haitoshi kuifanya kazi kuwa sanaa bora. Wanafunzi waliandika. Yule aliyeuliza alizikusanya picha zake, akazirudisha katika bahasha.

Hukumu ile haikuwa ngeni katika taaluma yetu. Ndiyo ambayo imetolewa mara nyingi dhidi ya mashairi ya kisiasa, nyimbo za wafanyakazi na tamthilia za vijijini. Yamkini ningeendelea kuitoa hadi kustaafu, lau kama miaka kadhaa baadaye nisingebahatika kuhudhuria kongamano kusini mwa California. Siku ya mapumziko nilipanda garimoshi la mjini, nikashuka katika kituo cha Barrio Logan. Ninayoyaeleza hapa ni matokeo ya alasiri ile na ya usomaji uliofuata. Sidai kuleta nadharia mpya. Nataka tu kueleza ni kwa nini jibu langu lilikuwa na makosa, na ni kwa nini kosa lenyewe linatuhusu sisi tunaofundisha fasihi humu nchini.

Ili kuielewa michoro hiyo, sharti kwanza tuielewe ardhi iliyo chini yake. Barrio Logan ni mtaa ulio kando ya ghuba ya San Diego. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 umekaliwa na watu wenye asili ya Meksiko, wengi wao wakiwa vibarua wa viwanda vya samaki na vya kuunda meli. Watu hawa, pamoja na wenzao waliotapakaa kusini-magharibi mwa Marekani, hujiita Wachikano. Neno hilo lilitumiwa zamani kwa dharau, kumtambulisha mtu wa tabaka la chini asiyekuwa Mmeksiko kamili wala Mmarekani kamili. Katika miaka ya 1960 vijana walilitwaa, wakalifanya jina la heshima. Chimbuko la fahari hiyo ni jeraha la kihistoria. Baada ya vita vya 1846 hadi 1848, na kwa mujibu wa Mkataba wa Guadalupe Hidalgo, Meksiko ilipoteza karibu nusu ya ardhi yake, California ikiwemo. Ziko familia zilizojikuta ugenini bila ya kutoka nyumbani kwao.

Jeraha la pili ni la juzi zaidi. Katika miaka ya 1950 kanuni za matumizi ya ardhi za mji zilibadilishwa, yadi za vyuma chakavu zikaruhusiwa kusongamana na nyumba za watu. Mwaka 1963 barabara kuu nambari 5 iliupasua mtaa vipande viwili. Mwaka 1969 daraja la Coronado likafunguliwa, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 3, likiuunganisha mji na makao ya watu wenye nafasi na kambi ya jeshi la wanamaji ng'ambo ya ghuba. Nguzo za daraja hilo zilisimikwa mahali palipokuwa na nyumba, na maelfu ya wakazi wakalazimika kuhama. Waliosalia walipata kelele, vumbi, na kivuli cha zege.

Walipata vilevile ahadi: kwamba ardhi iliyo chini ya daraja ingekuwa bustani yao. Tarehe 22 Aprili 1970 waliamka wakakuta matingatinga yakiisawazisha ardhi hiyo kwa ajili ya kituo cha polisi wa barabara kuu. Mwanafunzi wa chuo aliyeitwa Mario Solis ndiye aliyeziona mashine na kwenda kueneza habari. Wazee, akina mama, wanafunzi na watoto waliingia uwanjani, wakashikana mikono mbele ya mashine, wakaikalia ardhi kwa siku 12. Katika siku hizo hawakukaa bure. Walikuja na majembe, wakaanza kuichimba ardhi wenyewe na kupanda mpungate, maua na miti midogo, huku bendera yao ikipepea kwenye mlingoti wa simu. Mwishowe serikali ilisalimu amri, na mahali hapo pakawa bustani inayojulikana hadi leo kwa jina la Chicano Park.

Nausisitiza mfuatano huu kwa kuwa ndio uliokosekana katika picha nilizoonyeshwa darasani. Michoro ya kwanza ilianza mwaka 1973, miaka mitatu baada ya ardhi kukaliwa. Jembe lilitangulia burashi. Mimi nilikuwa nimedhani kwamba watu walichora ili kudai kitu, kama mtu abandikavyo bango. Kumbe kitu chenyewe walikuwa wamekwisha kukidai kwa miili yao, na mchoro ulikuja kama mwenye shamba apandavyo ua mpakani, ili apitaye ajue kwamba hapa pana mwenyewe.

Wazo la kuzipamba nguzo linahusishwa zaidi na Salvador Torres, mchoraji aliyekulia mtaani humo. Pamoja naye walikuwapo wachoraji kama Victor Ochoa, Guillermo Aranda na Mario Torero. Kazi ilipoanza wakazi wa kawaida nao walishika burashi, watoto wakiwemo, na wachoraji wakawa na shughuli ya kuupanga wingi ule wa mikono ili uwe na umbo. Mwaka 1975 walifika wageni kutoka Sacramento, wanachama wa kikundi kilichojiita Royal Chicano Air Force, miongoni mwao José Montoya na Esteban Villa. Jina hilo lilitokana na mzaha: herufi za kwanza za jina lao la awali zilifanana na za jeshi la anga la Kanada, nao wakaupokea mzaha huo wakaufanya jina. Baadhi ya nguzo za mwaka huo zilichorwa na wanawake. Leo bustani hiyo, yenye ekari zipatazo 7, ina michoro zaidi ya 70.

Nilipofika nilijaribu, kwa mazoea ya kazi, kuanza na maudhui. Niliorodhesha katika daftari: Quetzalcoatl, nyoka mwenye manyoya wa Meksiko ya kale, Emiliano Zapata, Bikira wa Guadalupe, vibarua wa mashamba, na mchoro wa 1977 unaoitwa Varrio Sí, Yonkes No, yaani mtaa ndiyo, yadi za vyuma chakavu la. Orodha ilijaa kurasa mbili, na ilikuwa ileile niliyoiona katika picha. Ndipo nilipoacha kuandika nikainua macho. Nguzo hizo zina umbo la mtu aliyenyoosha mikono kando, kwa kuwa kila moja imebeba boriti pana inayolishikilia daraja. Wachoraji hawakulipuuza umbo hilo. Mara kadhaa mwili wa kiumbe hufuata shina la nguzo, na mabawa au mikono yake ikaenea juu ya boriti, hivi kwamba anayeonekana kulibeba daraja ni yule aliyechorwa. Uzito si wa kubuni. Magari hupita juu yake mchana kutwa, na mtu huyahisi kifuani kabla ya kuyasikia. Oktoba 2016 gari moja liliruka kutoka darajani likaangukia umati uliokuwa katika sherehe bustanini, watu 4 wakafa. Sitiari ya mzigo, ambayo sisi huifundisha kama pambo la lugha, pale ina tani zake.

Hii ndiyo fani ambayo nilisema haipo. Haikuwamo katika picha kwa sababu picha hukata mchoro ikauacha uzito. Nilikuwa nimefanya lile ambalo sisi wenyewe tumewaonya wanafunzi wasilifanye katika fasihi simulizi: kuinukuu ngano karatasini, kuitenga na fanani, hadhira na mahali pa utendaji, kisha kulalamika kwamba ngano ni kavu.

Jambo la pili ni hadhira. Aendaye Coronado kwa gari haioni michoro hii. Yuko juu yake, na daraja lenyewe ndilo linalomficha. Ili kuiona ni sharti ashuke, aegeshe gari, atembee katika mtaa ambao daraja lilijengwa ili aupite. Sijui kazi nyingine ya sanaa iliyochagua hadhira yake kwa ukamilifu kiasi hicho. Nilimkuta mzee mmoja akifagia majani karibu na nguzo. Nikamwuliza, kwa Kiingereza changu cha Limuru na Kihispania cha maneno matano, ni mchoro upi aupendao zaidi. Hakuitazama michoro. Alinionyesha mti, akaniambia alikuwapo ulipopandwa.

La tatu, na gumu zaidi kwa mhakiki, ni suala la mwandishi. Rangi iliyo nje huchujuka, na jua la California halina huruma. Katika miaka ya 2011 na 2012 sehemu kubwa ya michoro ya zamani ilikarabatiwa, na wachoraji wa awali waliokuwa hai walirudi, baadhi yao wazee, kupaka upya walichokipaka ujanani. Je, mchoro wa 1974 uliopakwa tena 2012 ni kazi ya mwaka gani? Tukitumia mizani ya jumba la makumbusho tutasema kwamba asili imeharibiwa. Lakini sisi tuliozoea tenzi zilizonakiliwa kwa mkono, kila mnakili akiacha alama yake, hatuna haki ya kushangaa. Kazi ya namna hii huishi kwa kurudiwa. Wakiondoka watu wenye nia ya kuirudia, itakufa hata kama rangi ingalipo.

Sasa niseme kitu dhidi ya michoro hii, kwa kuwa kuungama kosa si kugeuka mshabiki. Fahari ina hatari zake. Mwaka 1969 vijana wa Kichikano, katika mkutano wao mjini Denver, walitangaza kwamba kusini-magharibi mwa Marekani ndiko Aztlán, nchi ya asili ya Waazteki katika masimulizi ya kale, na Aztlán imetawala nguzo nyingi za bustani hii. Ila ardhi ya San Diego ni ya Wakumeyaay, wenyeji waliokuwapo kabla ya Mhispania, kabla ya Mmeksiko, kabla ya Mmarekani. Anayedai ardhi kwa jina la mababu aangalie asije akawafunika mababu wa mwenziwe. Tunaujua ugonjwa huu. Washairi wa Negritude walipoanza kuzisifu falme za kale za Afrika, wahakiki wa bara letu waliuliza, na wakawa na haki ya kuuliza, ni nani aliyewalimia wafalme hao. Piramidi ni kumbukumbu ya waliotawala. Ndiyo maana kwangu nguzo zenye nguvu zaidi ni zile zinazosimulia mambo yaliyotokea papo hapo: yadi za vyuma, jembe, siku 12 zilizoanza Aprili. Pale fahari haikuhitaji kuazima taji la mtu.

Hatari nyingine huja na heshima. Mwaka 1980 mji uliitambua bustani kuwa mahali pa kihistoria, na Desemba 2016 serikali ya Marekani ikaiweka katika daraja la juu la turathi za kitaifa. Heshima hiyo ilistahili. Hata hivyo, kati ya tarehe hizo mbili yapo mambo ambayo vibao vya shaba havisemi. Mwaka 2014 mpango wa kuutenganisha mtaa na viwanda, ambao wakazi waliupigania kwa miaka mingi, ulipelekwa mbele ya wapiga kura wa mji mzima, wengi wao wasioishi mtaani humo, nao wakaukataa. Ilibidi kungoja hadi 2021 ndipo baraza la mji likapitisha mpango mwingine. Na kadiri michoro ilivyopata sifa ndivyo mikahawa na majumba ya sanaa yalivyoongezeka kandokando, na kodi za nyumba zikapanda. Kuna uwezekano mchungu kwamba rangi iliyowekwa ili watu wasifukuzwe ikawa ndiyo inayowavutia watakaowafukuza. Uhakiki unaoishia kuusifu mchoro bila ya kuuliza nani bado anaweza kulipa kodi karibu nao haujamaliza kazi yake.

Michoro ya umma ina historia ya kufutwa, na historia hiyo ndiyo inayotupa kipimo. Mwaka 1932 mchoraji wa Kimeksiko David Alfaro Siqueiros alichora América Tropical mjini Los Angeles, akaweka katikati yake Mwindio aliyesulubiwa chini ya tai. Haukupita muda mrefu mchoro ukafunikwa kwa rangi nyeupe, usionekane tena na umma hadi 2012. Mwaka 1934 mchoro wa Diego Rivera katika jengo la Rockefeller mjini New York ulivunjwavunjwa kabla haujakamilika. Wawili hao walikuwa mabingwa, na katika fani hakuna mchoraji wa Chicano Park aliyedai kuwafikia. Lakini ukuta ulikuwa wa mtu mwingine, naye alipochukizwa aliamua. Kule chini ya daraja, zege ni la serikali hadi leo. Kilichoizuia serikali kuifuta michoro ni watu wanaokutana hapo kila Aprili, ambao kila mmoja anaweza kukuonyesha mti.

Hapo ndipo fikira zangu ziliporudi nyumbani, na ndipo aibu yangu ilipozidi. Mwaka huohuo wa 1977, wakati Wachikano walipochora kuzikataa yadi za vyuma, wakulima na vibarua wa Kamirithu, Limuru, walikuwa wamejijengea kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa kuketi watu wapatao 2,000, wakaigiza humo Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ. Onyesho lilipigwa marufuku mnamo Novemba mwaka huo, na mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa na polisi. Wachikano walikabiliana na serikali iliyokubali kushindwa. Watu wa Kamirithu walikabiliana na iliyokataa. Siwezi kusema kwamba wale walikuwa mashujaa kuliko hawa. Ngũgĩ mwenyewe alikuja kufundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha California kule Irvine, si mbali na San Diego, na alifariki mwaka 2025 akiwa angali huko Marekani.

Nimeifundisha tamthilia hiyo kwa muda mrefu. Nimeifundisha kama kitabu: msuko, wahusika, dhamira, matumizi ya nyimbo. Mimi ni mzaliwa wa Limuru, na sijawahi kuwapeleka wanafunzi wangu kwenye kiwanja kile. Nikiwaeleza juu ya ukumbi uliobomolewa, huwa nawaeleza kwa sentensi mbili, chini ya kichwa cha usuli, halafu tunaingia katika kazi yenyewe, kana kwamba mbao zile na mikono iliyozipigilia misumari haikuwa kazi yenyewe. Nilichomfanyia mwanafunzi wa picha nilikuwa nimekifanya kwa watu wa kwetu kwanza.

Endapo swali lile lingeulizwa leo, singelijibu kwa hukumu. Ningemwambia aliyeuliza kwamba zana zetu zinafaa, ila zianze chini. Kabla ya kuuliza kazi inasema nini, tuulize imesimama wapi na ardhi hiyo ilipatikanaje. Kabla ya kuuliza aliyeitunga ni nani, tuulize ni nani huirudia inapochujuka. Na kabla ya kuipongeza kwa fahari yake, tuulize fahari hiyo imemfunika nani. Fani haipotei tukifanya hivyo. Mimi niliiona pale tu nilipolisikia daraja.

Nimeiomba idara basi kwa ajili ya safari ya Kamirithu muhula ujao. Mwanafunzi yule kwa sasa ni mwalimu wa shule ya upili. Nilimwandikia nikamweleza nilikofika na nilichokiona, nikamwomba anitumie zile picha ili nizitumie darasani. Alinijibu kwamba bado anazo, zimo katika bahasha ileile, na akaniuliza kama katika basi kuna nafasi.